Siku Rekta Alipopakwa Poda

Wanangu, mmeniomba niandike kuhusu kazi niliyoifanya hadi kustaafu, nami nimekubali kwa sharti moja: atakayesoma haya kwenye tramu ashuke kwanza, asije akapitiliza kituo chake kisha akanilaumu mimi.

Nawaona mnavyopiga picha kwenye arusi zetu hapa Brussels. Mnabonyeza simu mara mia ndipo mchague moja, na hiyo moja nayo mnampunguza bibi arusi pua mpaka mama yake mzazi anapotezana naye. Sina ugomvi. Lakini zamani zetu filamu ilikuwa na mwisho, na ukiimaliza kabla keki haijakatwa, wewe ndiye ulikuwa unakatwa.

Kazi yangu ilikuwa kumpiga picha Rekta. Rekta ni mkuu wa chuo kikuu, na wa kwetu alikuwa na jarida la kila mwezi ambalo ukurasa wake wa kwanza uliitwa Mwezi Wetu. Humo aliandika mambo makubwa yaliyotokea chuoni mwezi ule, na mimi niliyatafutia picha. Hayo "makubwa" ni neno lake. Mwezi mmoja jambo kubwa lilikuwa banda la baiskeli. Mwezi mwingine lilikuwa boila jipya la kupasha majengo joto, na nilimpiga picha amesimama kando ya boila lile, na ukiniuliza leo nani kati yao alikuwa na joto zaidi, nitakujibu bila kusita.

Mimi nilikuja Ulaya nikimfuata mume wangu, aliyekuwa dereva wa ubalozi, ila kamera nilikuja nayo mwenyewe. Nilifundishwa na mjomba wangu Idi, aliyekuwa na studio Kigoma yenye pazia lililochorwa ndege ya abiria, na watu wa mji mzima walipigwa picha wakiwa wanapanda ndege ile bila kwenda popote. Pale chuoni, mwezi wangu wa kwanza, maprofesa wawili kwa nyakati tofauti walinionyesha kwa upole sana lilipo kabati la mafagio. Niliwashukuru wote wawili. Baadaye niliwapiga picha na nikahakikisha wamefumba macho.

Na mimi pia nilichemsha, msinione hivi. Kuna ujumbe ulitoka nje kuja kumtembelea Rekta, nikampiga picha akishikana mkono na bwana mrefu mwenye tai ya hariri. Jarida likatoka: Rekta na kiongozi wa ujumbe. Kumbe bwana yule alikuja kukagua lifti. Kiongozi wa ujumbe alikuwa yule mfupi mwenye sweta, kabeba mfuko wa plastiki. Rekta alinuna wiki nzima, na mkaguzi wa lifti akaja kuomba nakala za shangazi zake. Tangu siku hiyo naulizia jina kwanza, tai baadaye.

Shida yangu kubwa ilikuwa uso wa Rekta wenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanasheria, alifundisha sheria ya ushahidi kabla ya kuchaguliwa, na hakuamini kitu mpaka kiwe na sahihi na tarehe. Lakini akiona kamera alikaa kama anayesubiri kung'olewa jino. Nikakumbuka mbinu ya mjomba Idi, na hii iandikeni, maana hata simu zenu haziijui. Usimwambie mtu acheke. Mpige picha moja ya heshima, kisha sema kwa sauti, "Asante, nimemaliza." Mtu akisikia umemaliza, uso wake unarudi nyumbani. Hapo ndipo ubonyeze.

Basi twende kwenye poda.

Wanafunzi wa Brussels wana sikukuu yao kila Novemba. Wanavaa makoti meupe ya maabara na kofia zenye mdomo mrefu kama wa bata, wanapanda malori, wanarushiana unga na mayai mjini kutwa. Mwaka ule walimwona Rekta akivuka barabara na koti jipya jeusi. Alifika ofisini akiwa tayari kuingizwa kwenye oveni. Kesho yake milango yote ya chuo ilibandikwa tangazo: ni marufuku kuingiza unga, mayai na kila kitu cha kurushiana. Mlinzi wa lango kuu, Jef, jitu la watu lenye masharubu, alilipenda tangazo lile kuliko mshahara wake. Alipekua mifuko mpaka ya maprofesa wa kemia.

Wakati huohuo mimi nilikuwa nasukwa nywele Matonge, mtaa wa Wakongo hatua chache kutoka Porte de Namur, kwa mama mmoja wa Uvira, Kongo, tuliyemwita Maman Furaha. Binti yake Furaha alikuwa anasoma uhandisi chuoni kwetu, mwaka wa mwisho. Maman Furaha alikuwa na mikono ya chuma na mdomo usiolala, lakini siku ile alisuka kimya mpaka nikaogopa.

"Maman Zuhura," akasema mwishowe, "bwana yangu amekataa kuamini."

"Kuamini nini?"

"Kila kitu."

Mumewe alikuwa mwalimu mkuu kule Uvira. Aliuza nyumba ili Furaha aje kusoma. Vita vilipoingia alivuka ziwa na wengine, na sasa alikuwa kambini upande wetu wa Kigoma. Mdogo wake aliyekuwa naye aliandika kwamba mzee hasimami tena. Anakaa chini kutwa, ameegemeza mgongo mlangoni, wageni wakija hageuki. Ukimwambia Furaha anaendelea vizuri na masomo, anasema, "Ndiyo, ndiyo," kama mtu anayemjibu mtoto.

"Kila muntu anamwandikia 'tuko muzuri'," Maman Furaha akasema. "Ata benye banakufa banaandika 'tuko muzuri'. Alors yeye amechoka na hayo maneno. Mutoto akifaulu, nitamwambiaje? Ataitika tu, 'Ndiyo, ndiyo.'"

"Mpelekee picha."

"Foto ya nini? Foto ya poudre njo angeamini."

Hapa niwaeleze ninyi mliozaliwa huku. Wabelgiji wana desturi ya kusoma matokeo ya mtihani kwa sauti mbele ya watu, na waliipeleka Kongo. Wakongo wakaipokea, wakaongeza kitu kimoja: jina la mtoto wao likisomwa, wanammwagia poda kichwani mpaka awe mweupe, na wanaimba naye barabarani hivyohivyo. Mtu wa Uvira akikuona mweupe siku ya matokeo hana haja ya kuuliza. Hakuna anayempaka poda aliyeanguka.

"Basi nunua poda," nikamwambia, "nije nimpige picha hapahapa saluni."

Akaacha kusuka, akanizunguka akanitazama. "Maman, binamu ya Furaha alianguka mara mbili, akajipaka poudre studio, akatuma foto kwao. Bwana yangu alichinja mbuzi! Unafikiri atakubali foto ya saluni? Hapana. Inafaa iwe kule kwa masomo. Na Recteur awe ndani. Na itoke mu ile gazeti yenu. Ile hawezi kusema ni bongo, ni uongo."

Nilitoka Matonge na kichwa kinaniuma kwa mambo mawili, na misuko ilikuwa la pili. Kwa ninyi mnaotaka kujua roho yangu: nililia kwenye tramu mpaka Forest, nilikokuwa nakaa. Kigoma ni kwetu. Nilikuwa nalijua jua la kule, na nilimwona yule mzee na mgongo wake mlangoni kana kwamba nimempiga picha mwenyewe.

Nilimwendea Rekta, nikamuuliza kwa adabu kama familia moja inaweza kutumia poda kidogo sana siku ya matokeo ya wahandisi, ambayo yeye mwenyewe angehudhuria.

"Poda inarushwa?" akauliza.

"Inamwagwa, bwana Rekta."

"Kutoka juu?"

"Kutoka juu."

"Basi inarushwa," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nikampelekea Maman Furaha jibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Bon," kwa sauti ambayo ningeitilia maanani kama ningekuwa na akili.

Siku ya matokeo nilisimama langoni na kamera shingoni. Maman Furaha alitangulia, kitenge kipya, na mgongoni kabeba kitoto kinene cha jirani yake kiitwacho Dieumerci. Jef akafungua mkoba. Akatoa kopo la poda ya watoto.

"Hii ni nini?"

"Ya mutoto," Maman Furaha akasema, akageuza mgongo kumwonyesha ushahidi.

Jef akakuna masharubu. Tangazo halikukataza watoto wala makalio yao. Akampitisha. Muda si mrefu akaja mama wa pili, mwenzake wa kwaya, kopo mkononi, mtoto mgongoni. Akapita. Akaja wa tatu. Mimi nilikuwa nimesimama mahali ninapoona dirisha la choo cha upande, na nilimwona Dieumerci akitoka dirishani kwa mikono miwili, akipokelewa nje kwa mikono mingine miwili, akifungwa mgongoni upya. Mtoto alikuwa anafurahia safari kuliko abiria wa ndege ya mjomba Idi.

Mama wa nne alipofika, Jef aliinama akamtazama mtoto usoni. Dieumerci akamcheka, maana walishazoeana.

"Madame, huyu mtoto nimeshamwona."

"Watoto weusi wote kwako ni mamoja?" yule mama akauliza kwa Kifaransa safi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Jef akawa mwekundu mpaka masikioni, akarudi nyuma hatua moja, akamsaidia hata kubeba mkoba. Maskini Jef. Siku ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa anasema kweli.

Ukumbini, mwenyekiti wa watahini alianza kusoma majina kuanzia daraja la juu. Mnajua wanavyosoma, taratibu, kama wanauza. Furaha hakuwemo. Akasoma daraja lililofuata. Furaha hakuwemo. Nilimwona amekaa mstari wa mbele, mabega yamempanda masikioni. Maman Furaha alikuwa na kopo chini ya kitenge, midomo inacheza, sijui kama alikuwa anaomba au anatukana. Nikafikiri, akianguka huyu mtoto, haya makopo tutayafanyaje? Na yule mzee?

Daraja la mwisho la kufaulu likaanza. Jina, jina, jina. Kisha Furaha, jina lake kamili, limesomwa vibaya lakini limesomwa.

Nimehudhuria sherehe nyingi. Kelele zilizopigwa kwa daraja lile la mwisho sijapata kuzisikia kwa la kwanza. Maprofesa waligeuka kutafuta kama kuna moto. Lakini kina mama walivumilia, poda haikutoka, kwa sababu Rekta alikuwa bado mbali.

Rekta akashuka kuwapa mkono wahitimu mmoja mmoja. Alipomfikia Furaha, nikawaweka sawa, nikapiga picha ya heshima. Uso wa jino. Kisha nikasema kwa sauti, maana mazoea yana taabu, "Merci, nimemaliza."

Uso wa Rekta ukarudi nyumbani. Na kina mama nao, waliokuwa wanasubiri kwa adabu nimalize kazi yangu, wakasikia kwamba nimemaliza.

Sikuona chochote kwa muda. Ilikuwa ukungu wenye harufu ya mtoto aliyeogeshwa. Nilibonyeza tu. Ulipotulia, Furaha alikuwa mweupe anacheka na machozi yanamchimbia mifereji mashavuni, na kando yake alisimama Rekta, mweupe nywele, mweupe nyusi, mweupe suti nzima, mkono bado ameunyoosha. Maman Furaha, kopo juu, alikuwa anamalizia bega lake la kushoto kwa uangalifu kama anayemwagilia mchicha.

Rekta akapiga chafya moja. Kisha akaniuliza mimi, si Maman Furaha, "Hii maana yake nini?"

"Maana yake ni kufaulu, bwana Rekta."

"Na mimi nimefaulu nini?"

Nikatafsiri. Maman Furaha akajibu huku akimkazia macho Rekta: "Mwambie, poudre banamwangia mutoto na baba yake. Baba yake haiko hapa. Alors leo ni yeye."

Nikatafsiri na hilo. Rekta alimtazama, akamtazama Furaha, akafungua mdomo aseme kitu cha kisheria, poda ikamwingia, akaanza kukohoa, kikohozi kikageuka, na jamani, alicheka. Alikuwa na pengo kando ambalo miaka yote sikulijua. Nikabonyeza tena.

Sasa msidhani mambo yaliishia hapo. Kesho yake nilimpelekea picha za mwezi ili achague za jarida, na alishakuwa msafi tena. Akaweka pembeni ujumbe kutoka nje, akaweka pembeni ngazi mpya za maktaba. Akafika kwenye ile ya poda. Akaifunika kifudifudi.

"Hii haitoki."

Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mazuri, yote yakanitoka. Nikamwambia tu yalivyo: kuna mzee Kigoma, ameketi chini, ameacha kuamini, na hataamini barua wala picha ya saluni. Nikamwambia habari ya binamu na mbuzi. Nilipofika kwenye mbuzi, Rekta akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo alishaletewa kielelezo cha uongo."

"Ndiyo, bwana Rekta."

"Na sasa anakataa vielelezo vyote visivyo na uthibitisho. Sahihi kabisa!" Macho yalimwaka. Miaka mitatu nilikuwa nimempiga picha mtu huyu na sikuwahi kuona macho yale. "Na uthibitisho ni nini?"

"Ni wewe, bwana Rekta. Ukiwa na poda."

Akaifunua picha. Akajitazama muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, akaandika maelezo chini ya picha kwa mkono wake: jina zima la Furaha, fani, daraja, mahali, na kwamba mtu mweupe wa kushoto ni Rekta mwenyewe, ambaye anathibitisha aliyoyaona. Akatia sahihi, akagonga muhuri, akaagiza sahihi na muhuri vichapwe pamoja na picha. Ukurasa wa Mwezi Wetu ukatoka hivyo, poda juu, banda la baiskeli chini. Jef alikata nakala moja akaibandika kibandani kwake, akazungushia kalamu nyekundu makopo yote manne.

Nakala moja nilimpa msafiri, akamfikishia kaka yangu Maulidi Kigoma, naye akaipeleka kambini kwa mkono. Tukasubiri. Maman Furaha alinisuka mara kadhaa bila kutaja habari hiyo, na mimi sikuuliza. Kuna kusubiri ambako ukikutaja kunauma zaidi.

Kisha Maulidi akanitumia bahasha yenye picha moja. Niliifungua kwenye ngazi za nyumbani, nikakaa chini.

Katika picha kuna mzee mwembamba, mweupe kuanzia kichwani hadi kwenye kola. Si poda, ni unga wa mahindi wa mgao. Na kando yake, wima kama mlingoti, yuko mkuu wa kambi na sare zake za kazi, kofia kaishika kwapani, naye mweupe vilevile, nyusi zote. Maulidi alinieleza baadaye. Mzee alilisoma lile jarida mara nyingi, akachunguza muhuri kwa kulielekeza juani. Halafu akaenda na kibakuli cha unga ofisini kwa mkuu wa kambi, akamwonyesha Rekta, akamwambia kwamba huko Ubelgiji, kama inavyoonekana, utaratibu hautimii mpaka mkubwa wa mahali apakwe. Mkuu wa kambi akaitazama picha, akaona sahihi, akaona muhuri. Akavua kofia.

Rekta nilipomwonyesha alisimama dirishani nayo. "Amekubali ushahidi," akasema. Kisha akauliza kama yule afisa amepata matatizo kazini, nikamwambia hapana, na mwezi uliofuata picha ile ikatoka juu ya Mwezi Wetu, na boila la pili likakosa nafasi.

Lakini kabla ya Rekta nilikuwa nimempelekea mwenyewe, Matonge. Saluni ilijaa. Maman Furaha alikuwa na kichwa cha mtu mikononi, akajifuta mafuta, akaichukua picha kwa ncha za vidole, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukasirika.

"Unga ya kula! Ule mwanaume! Bakuli muzima! Na atakula nini, atakula foto?" Akawageukia wateja wote. "Muone, muone bwana yangu anavyoharibu chakula!"

Wanawake wakaicheka ile picha ikizunguka mkono kwa mkono, wakamcheka zaidi mkuu wa kambi. Ilipomrudia, aliishika karibu na macho. Akakisogeza kidole gumba taratibu, kutoka kwenye nywele zile nyeupe, akashuka nacho mpaka chini, kwenye miguu.

"Maman Zuhura," akasema, "ona. Amesimama."